Mtoto wa nahodha

Bronx, New York

Baba,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo na mguu umepoa. Mimi mzima, kazi zaendelea, na baridi imeanza kuondoka.

Uliniuliza kwenye simu ni mchezo gani huo unaojaza watu jirani na kwangu. Ni besiboli, nduguye kriketi ile uliyokuwa ukienda kuitazama Mombasa Sports Club. Ila huku mpira haudundi: mrushaji husimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, akauvurumisha moja kwa moja. Sheria nyingine ni ndefu, nitakueleza nikija.

Ninayetaka umjue ni mrushaji mmoja, Mariano Rivera. Jirani yangu, mzee wa Panama, hapitishi siku bila kumtaja. Alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi, babake nahodha. Utotoni glavu zao zilikuwa pakiti za maziwa, na mpira ni nyavu kuukuu zilizofungwa tepu. Akavua dagaa na babake mpaka chombo kikawazamia, akaikinai bahari. Mwaka 1990 Yankees, timu ya hapa Bronx, wakamsajili kwa dola elfu chache tu.

Mwaka 1992 akapasuliwa kiwiko. Alipopanda ligi kuu 1995 alipewa kurusha tangu mwanzo wa mechi, akatandikwa, akarudishwa chini. Baadaye ndipo wakampa kazi ya kufunga mlango: aingie raundi ya tisa, ile ya mwisho, timu ikiongoza kwa kidogo, awatoe wapigaji watatu, basi. Najua utasema hiyo kazi gani ya dakika chache! Lakini Baba, ukiharibu hapo hakuna wa kukurekebishia, na jasho la wenzako la saa tatu limekwenda bure. Aliifunga milango hiyo mara 652, na hadi leo hajapatikana wa kumfikia.

Silaha yake ilikuwa mrusho mmoja. Mpira waja umenyooka, mpigaji keshajitupa, halafu ukikaribia wapinda kidogo tu. Mpigaji akiwa wa mkono wa kushoto, wamwingilia vidoleni na fimbo yapasuka. Wote walijua utakuja, na bado.

Mwaka 2012, ana miaka 42, kano ya goti ilimkatika akikimbilia mpira mazoezini. Watu wakasema kamaliza. Akarudi 2013, akacheza, ndipo akastaafu kwa hiari yake. Mwaka 2019 wapiga kura wote 425 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mchezaji mwingine. Barabara ya kando ya uwanja wa Yankees nayo ilishapewa jina lake tangu 2014.

Sasa, mdogo wangu. Mama aniambia mmekosana kwa kuwa anatoroka Bandari ya Kale jioni kwenda kurusha mipira ya kriketi. Sisemi aache boti, maana nani atakusaidia kusi hili? Lakini hizo jioni mbili za wiki mwachie, tafadhali. Viatu vyake nitanunua mimi.

Pesa za mashine ya boti zitaingia kwa simu ya Mama mwisho wa mwezi. Msalimie ami na watoto wote wa Kibokoni.

Mwanao