Barua kwa Mwanangu: Idi Hii Usije

Wete, Pemba
Ramadhani, Mei 2020

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako uliye Unguja. Mamaako mzima, bibi yako mzima, na miguu inayomuuma ni ile ile ya siku zote.

Ujumbe wako wa kutaka kuja kula Idi nyumbani nimeupata. Usije. Nalisema mwanzo ili usisome barua nzima ukitafuta ruhusa.

Unasema huna homa wala kikohozi. Sawa, lakini korona hujificha siku 2 mpaka 14 kabla haijajionesha, na mtu huweza kumwambukiza mwenziwe naye bado anajiona mzima. Kisha ifikirie safari yenyewe: watu mmejaa ndani ya boti, madirisha hayafunguki, pumzi mnapokezana mpaka Mkoani. Hapo bado gari ya abiria mpaka Chake, na nyengine mpaka Wete. Ukifika, wa kwanza kukukumbatia ni bibi yako, na kifua chake unakijua. Mtume (S.A.W.) alituusia kwamba tauni ikiwa katika nchi tusiingie, na ikitukuta tumo tusitoke. Kwa hiyo kubaki kwako huko hakujakata udugu. Walioanza kunung'unika hapa nimewajibu hivyo hivyo.

Lakini sitaki ujifungie chumbani ukasikiliza usiku kucha hizo sauti za kutisha zinazorushwa kwenye simu. Upweke nao humdhoofisha mtu. Toka nje. Maradhi haya hupenda chumba kilichofungwa na watu waliobanana. Penye upepo nguvu zake hupungua. Kaeni barazani, wewe upande huu, mwenzako upande ule, na barakoa ifunike mpaka pua (vijana wengi naona wanaivaa kidevuni, sijui kidevu kinaogopa nini). Mkitaka kusoma kasida, someni uani, maana sauti ya juu hurusha mate mengi kuliko mazungumzo.

Sisi kikao chetu hatujakivunja. Kilichotushughulisha ni kahawa. Vile vikombe vidogo vya muuza kahawa, akishakunywa huyu kinasuuzwa kwenye ndoo ile ile, anapewa yule. Sasa baada ya tarawehe kila mtu anakuja na kikombe chake, na muuzaji anamimina kwa juu, dele lisiguse. Jirani yetu seremala alikuja na bilauri kubwa ya maji. Tukamwambia kahawa haiuzwi kwa kata. Bao tumeliweka kando, kwa kuwa kete hupita mikononi mwa kila mtu. Waliobaki ni wabishi wa siasa na mpira, na hao hawahitaji kete.

Umeniambia bi mkubwa mwenye nyumba anafuturu peke yake tangu wanawe waache kuja. Usimwache hivyo. Nawa kwa sabuni sekunde 20, mpelekee sahani ya muhogo wa nazi au tambi, iweke mlangoni na kawa juu yake, piga hodi, kisha urudi nyuma. Halafu usikimbie. Kaa pale ukumbini kwa mbali, mlango wa nje wazi, mzungumze mpaka amalize kula. Sahani hata jirani mwengine atampelekea. Anachokikosa ni mtu wa kumsimulia.

Na bibi yako mpigie mwenyewe, salamu za kufikishiwa na mimi zimemchosha. Sauti za kurekodi hazitaki kabisa, anasema anazungumzishwa na mashine. Mpigie baada ya alasiri akiwa anakuna nazi, na mwache apige kelele, maana anaamini Unguja ni mbali na sauti yake lazima ivuke bahari. Muulize hamira ya kaimati anatia kiasi gani. Hapo hutokata simu mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya Idi piga tukisharudi kusali. Simu tutaiweka juu ya meza uani, sisi tunakula pilau yetu na wewe unakula yako. Usiku usimpigie bibi; simu ya usiku yeye huihesabu ni ya msiba.

Pesa ya Idi nitakutumia Alhamisi. Mgawie na bi mkubwa.

Wasalaam,
Babaako