Salamu za Sikukuu ya Ukombozi kwa Watu wa Nicodemus

Wapendwa, nawatakia heri ya sikukuu nyote, na hasa ninyi ambao mwishoni mwa Julai hii mnarudi Nicodemus, kijiji kidogo kilichoko kaskazini-magharibi mwa Kansas, Marekani. Ngano imekwisha kuvunwa, mashambani yamebaki mabua, na jua linawaka juu ya nyanda ambazo miti yake hujibanza kandokando ya mito. Huu ndio msimu ambapo kijiji kisichofikisha wakazi 20 hujaa watu wasioweza kuitwa wageni, kwa kuwa ni vitukuu na vilembwe vya waliokianzisha.

Sikukuu hii inakumbuka tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika makoloni ya Uingereza, vikiwemo visiwa vya Karibi. Hilo hunigusa kila mwaka, kwamba waanzilishi wa Nicodemus, watu waliotoka utumwani katika jimbo la Kentucky, walichagua kushangilia uhuru wa ndugu zao wa ng'ambo ya bahari, ambao hawakuwahi kuonana nao uso kwa uso.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1877 na kampuni iliyowaunganisha W. R. Hill, Mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa ardhi, na mchungaji mweusi W. H. Smith. Septemba mwaka huohuo kundi la watu wapatao 300 kutoka Kentucky lilishuka kwenye treni mjini Ellis, kisha wakatembea kilomita 55 hivi hadi kwenye ardhi waliyoahidiwa. Willianna Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus kimeonekana, yeye alitazama asione nyumba hata moja. Mumewe alimwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini, akamwambia hicho ndicho kijiji, naye akaanza kulia.

Nchi yenyewe ndiyo iliyowalazimisha kuishi hivyo. Mbao za kujengea zilikuwa adimu, kwa hiyo walichimba makao ubavuni mwa vilima, wakayaezeka kwa matawi na udongo, na kuni zao zikawa mabua ya alizeti na samadi kavu ya nyati. Wapo waliokata tamaa wakarudi Kentucky, na sioni sababu ya kuwalaumu. Waliobaki husimuliwa na wazao wao kwamba walivuka baridi ya kwanza kwa chakula walichogawiwa na wawindaji wa Kiosage, wenyeji asilia wa Amerika, jambo ambalo ningependa watoto walisikie mezani sikukuu hii kabla ya sahani kuondolewa. Kutoka miongoni mwa walowezi hao alitokea Edward P. McCabe, ambaye mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas.

Mwaka 1888 reli ya Union Pacific ilipita kusini mwa mto Solomon, ng'ambo ya kijiji, na wafanyabiashara wakahamishia maduka yao huko, mahali palipokuja kuwa mji wa Bogue. Baadaye ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliwatawanya wengi zaidi. Hata hivyo ni katika muongo huohuo, mwaka 1939, ambapo jumba la kata lilijengwa kwa mawe ya chokaa ya nchi ile, na hadi leo limesimama pamoja na makanisa mawili, shule na hoteli ya zamani, majengo matano ambayo serikali kuu iliyatambua mwaka 1996 kuwa eneo la kihistoria la taifa.

Ninyi mnaokuja kwa barabara namba 24, nawaombea mfike salama, mle pamoja, muandamane, na Jumapili msali pamoja na wazee waliobaki kulinda mashamba. Msiofika mwaka huu, wapigieni simu. Heri ya Sikukuu ya Ukombozi.