Usipake mafuta juu ya chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua ili nijibu ushauri ambao mwandishi wenu aliwapa wasomaji wanaosafiri na baiskeli kwenda baharini. Waliambiwa kwamba kila jioni wakitoka ufukweni waipulizie baiskeli nzima mafuta kwa wingi, halafu waifunike kwa plastiki mpaka asubuhi. Nia ya mwandishi ni njema, sina shaka. Lakini mimi ni fundi baiskeli tangu ujana wangu, na baiskeli zilizotunzwa namna hiyo ndizo zinazojaa kwenye karakana yangu kila likizo inapokwisha. Zinafika zinang'aa mafuta kwa nje, huku mnyororo umekaza kiasi kwamba ukiuvua na kuuning'iniza haunyooki, unabaki umejikunja vile vile.

Hapo mafuta yamepakwa juu ya chumvi. Kama ningepewa sentensi moja tu katika gazeti hili, ningeandika hii: osha chumvi kwanza, kausha, ndipo upake mafuta.

Watu wanaogopa maji, ndiyo maana wanakimbilia mafuta. Baiskeli iliyonyeshewa na mvua, ikafutwa na kukaushwa, haidhuriki sana. Maji ya bahari hayako hivyo. Kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakishakauka juani chumvi hiyo haiendi popote. Inabaki kwenye mnyororo, kwenye vichwa vya bolti, kwenye kila upenyo wa fremu. Tena haitulii. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Ya bahari ina pia chumvi ya aina nyingine, kloridi ya magnesi, ambayo huvuta maji kutoka hewani hata unyevu ukiwa wa theluthi moja tu. Kwa hiyo baiskeli uliyoiona imekauka saa nane mchana, usiku inalowa tena bila tone la mvua kuanguka. Unyevu huo ni wa chumvi, unapitisha umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo sana: chuma kinaliwa sehemu moja ya bolti, oksijeni inafanya kazi yake sehemu nyingine, na maji yaliyo katikati ndiyo yanayoziunganisha. Maji yakiwa na chumvi, kazi inakwenda mbio.

Ndiyo sababu hata baiskeli iliyoegeshwa tu barazani, ikitazama bahari, hushika kutu ingawa haikukanyaga mchanga. Upepo unaletea vitone vidogo vya mawimbi yanayopasuka. Ukiisogeza upande wa nyuma wa nyumba, pasipofikiwa na upepo wa bahari, umeipunguzia mzigo mkubwa bila gharama yoyote.

Mafuta yakipakwa juu ya hali hiyo hayaiondoi chumvi. Yanaifunika pale pale ilipo pamoja na unyevu wake, na yanashika mchanga ambao kesho yake utasaga meno ya gia. Plastiki nayo inazuia hewa isipite. Asubuhi ukiifunua utakuta upande wake wa ndani umejaa matone. Kama ni lazima kuifunika, tumia shuka kuukuu linalopitisha hewa, na baiskeli iwe imekauka kabisa kwanza.

Maandalizi huanza nyumbani. Safisha mnyororo, ukaushe, kisha tia tone moja la mafuta mazito ya mnyororo kwenye kila kiungo, zungusha pedali kwa muda, uache mafuta yaingie ndani, halafu ufute yote ya nje kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi wanaponibishia. Wanadhani mafuta yanayoonekana ndiyo yanayolinda. Yanayolinda hasa ni yale yaliyo ndani ya kiungo, kati ya pini na roli inayoizunguka, mahali ambapo huyaoni. Ya nje yanatosha yakiwa utando mwembamba tu. Bolti zinazofunguka kwa mkono mmoja zifungue moja moja, nyuzi zake zipake grisi kidogo, uzirudishe. Mikwaruzo ya rangi kwenye fremu ya chuma izibe. Rangi ya kucha inatosha, hakuna haja ya kusaka rangi inayofanana.

Halafu kuna bomba linaloshika kiti, na juu ya hili naomba wasomaji wanisikilize sana. Kijana mmoja aliniletea baiskeli yenye fremu ya chuma na bomba la kiti la alumini. Alikuwa nayo pwani likizo nzima, akarudi, akaiegesha. Siku alipotaka kumshushia mdogo wake kiti, hakikusogea hata unywele. Tulimwagia mafuta ya kupenya, tukangoja, tukajaribu kulizungusha, tukangoja tena. Mwishowe nililikata kwa jino la msumeno kutokea ndani, taratibu, nikihofia kuichana fremu. Lilipotoka lilikuwa limezungukwa na unga mweupe mgumu. Alumini haitoi kutu nyekundu, lakini inaliwa, na unga wake unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, hivyo unabana kila kitu.

Chanzo chake ni metali mbili tofauti kugusana ndani ya maji ya chumvi. Mwaka 1800 Mtaliano Alessandro Volta alipanga visahani vya zinki na vya fedha, katikati akaweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme. Baiskeli yenye alumini ndani ya chuma, ikimwagiwa bahari, inafanya jambo lile lile, na gharama inalipwa na alumini. Kinga yake ni rahisi mno kulinganisha na tabu ya msumeno: weka alama ya urefu kwa utepe wa gundi, chomoa bomba, lifute, paka grisi nyembamba, lirudishe. Mkiwa safarini, lizungusheni kidogo kila baada ya siku chache. Kama bomba au fremu ni ya nyuzi za kaboni, msitumie grisi. Kuna mchanganyiko wake maalumu, mwulize fundi.

Wapo watakaosema baiskeli yao ina bolti na spoki za chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo hayawahusu. Chuma hicho kinalindwa na utando mwembamba sana unaotokana na kromu iliyomo ndani yake, na utando huo ukikwanguliwa unajirudishia wenyewe. Lakini kloridi iliyo kwenye chumvi ya bahari ndiyo hasa inayoutoboa. Ndiyo maana vichwa vya bolti hizo huota madoa ya rangi ya chai baada ya siku chache ufukweni. Yakifutwa mapema yanatoka. Yakiachwa yanachimba.

Mkifika, raha ya kuendesha iko kwenye mchanga ule mgumu uliolowa, karibu na maji. Najua, hata mimi napenda kupita hapo. Lakini jueni kwamba mchanga huo umejaa maji ya bahari na magurudumu yanautupa moja kwa moja kwenye mnyororo na chini ya pedali. Madgadi zinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. La kukataa kabisa ni kuingia kwenye mawimbi, hata kwa ajili ya picha. Maji yakifika katikati ya gurudumu au kwenye ekseli ya pedali yanapenya kwenye gololi, na huko hakuna kitambaa kitakachofika.

Jioni ndiyo saa yenyewe. Osheni siku hiyo hiyo, msingoje kurudi nyumbani. Mwagieni maji ya bomba kwa utulivu, kuanzia juu kwenda chini, ili mchanga uteremke kabla hamjagusa kwa kitambaa. Ukianza kusugua mchanga ukiwa juu ya rangi unaikwaruza mwenyewe, na kila mkwaruzo ni mlango wa kutu. Kisha ndoo ya maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo na sponji. Piteni pale ambapo macho hayafiki: chini ya kiti kwenye zile reli zake, nyuma ya breki, kati ya gia na gia, kwenye nati ndogo zinazoshika spoki, na chini kabisa ya fremu inapokutana na pedali. Suuzeni tena kwa maji mengi. Msitumie mashine ya kuoshea magari. Presha yake inasukuma maji ya chumvi kupita mipira inayozuia, mpaka kwenye beringi, na grisi inatolewa nje.

Pasipokuwa na maji ya kumwaga, kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, kikikamuliwa na kusuuzwa mara kwa mara, kinaokoa sehemu kubwa.

Baada ya hapo idundisheni baiskeli chini mara kadhaa ili maji yaliyojificha yatoke, ifuteni, zungusheni mnyororo kinyumenyume ndani ya kitambaa kikavu, muiache kivulini penye hewa. Ikishakauka, ndipo mafuta yale ya mwandishi wenu yanapata kazi: tone kwa kila kiungo, kisha kufuta. Bolti na nati zipitisheni kitambaa chenye mafuta kidogo. Lakini rimu na sahani za breki zisiguswe na tone lolote. Mtu anayemwagia baiskeli nzima mafuta ya kupuliza kama alivyoelekezwa ataamka na baiskeli isiyosimama. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika kuliko kutu yenyewe, kwa sababu watoto nao wanapanda baiskeli hizo.

Kwa ambao kutu imeshawafikia: ile nyekundu ya juu juu kwenye mnyororo inatoka kwa mafuta na kitambaa, mradi kila kiungo bado kinapinda chenyewe. Kama viungo vimeganda, nunua mwingine kabla haujaharibu gia. Usukani na rimu zilizopakwa kromu zisugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwakunjwa na kuloweshwa maji. Inaondoa kutu bila kukwaruza kromu. Waya wa breki ulioshika kutu ndani ya mpira wake usijaribu kuuokoa. Badilisha.

Nina maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza, chapisheni sahihisho kabla likizo nyingine haijaanza, hasa sehemu ile ya mafuta kwenye breki. La pili ni kwa wenye nyumba za wageni zilizo ufukweni. Wageni wengi huniambia walikatazwa kuosha baiskeli, au waliambiwa maji ni ya kuogea tu. Bomba moja nje, mpira mfupi na mahali pa kuegemeza baiskeli pasipo na mchanga vinatosha. Baiskeli moja inaoshwa kwa ndoo mbili za maji, na panapokuwa na uhaba, maji hayo yanaweza kuwa yale yaliyokwisha kusuuzia nguo, alimradi hayana chumvi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi baiskeli