Takwimu za magazeti zichorwe kwa ajili ya msomaji, si kwa ajili ya ukurasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulisemea, nalo ni michoro ya takwimu inayochapishwa siku za bajeti, za sensa na za matokeo ya mitihani. Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mada ya takwimu ndiyo niliyoithamini kuliko zote, kwa sababu humfuata mwanafunzi mpaka ukubwani, hata akiwa amekwisha kuisahau aljebra yote. Ndiyo maana naumia ninapoona ukurasa mzima umetolewa kwa mchoro wenye rangi saba, marundo ya sarafu na vivuli vya kila namna, na msomaji aliyeutazama kwa makini akaufunga bila kujua zaidi ya alichokuwa anakijua.

Nianze na bajeti, kwa kuwa ndiko kosa linakojirudia. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39, na ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Ongezeko hilo ni la asilimia 11 na kidogo. Mchoraji akianza kuhesabu kimo cha nguzo zake kwenye trilioni 40 badala ya sifuri, nguzo ya kwanza itasimama kwa kimo cha 4.39 na ya pili kwa kimo cha 9.35, na ya pili itaonekana kuizidi ya kwanza zaidi ya mara mbili. Namba zilizoandikwa juu ya nguzo zitakuwa za kweli, na hakuna atakayeweza kushitakiwa kwa kusema uongo, lakini jicho hutangulia kabla ya akili, na jicho limekwisha kuamini kwamba fedha za Serikali zimeongezeka maradufu.

Hali huwa mbaya zaidi nguzo zinapogeuzwa kuwa magunia ya fedha. Mchoraji anayetaka kuonyesha kiasi kilichoongezeka mara mbili huchora gunia la pili lenye urefu mara mbili, na kwa kuwa gunia lililorefushwa bila kunenepeshwa halipendezi, hulinenepesha pia mara mbili. Eneo lake kwenye karatasi sasa ni mara nne, na kwa kuwa kila mtu anajua kuwa gunia ni kitu cha kujazwa, akilini mwa msomaji linabeba mara nane. Kosa hili lilikwisha kupatiwa dawa zamani. Otto Neurath, aliyefungua jumba la makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925, alikataa kabisa kukuza picha ili kuonyesha wingi. Aliagiza picha ile ile irudiwe kwa ukubwa ule ule, gunia moja likisimama kwa kiasi fulani na magunia mawili kwa kiasi hicho mara mbili, ili mtu aweze kuhesabu. Mkewe, Marie Neurath, aliipeleka kazi hiyo Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950, kwenye vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya serikali yao. Na hata shule zetu za msingi hufundisha takwimu kwa picha kwa kanuni hiyo hiyo, kila picha ikiwa na thamani yake iliyotajwa pembeni. Inasikitisha kwamba mtoto wa darasa la tano anaweza kukosolewa kwa mchoro ambao gazeti linauchapisha bila wasiwasi.

Kipimo changu ni hiki, na ninaomba wahariri wakijaribu. Funika namba zote kwa kiganja, kisha uutazame mchoro wenyewe. Kama bado unaweza kusema kipi kikubwa, kipi kidogo, na tofauti yao ni ya kiasi gani kwa kukadiria, mchoro huo unafanya kazi. Kama zikifunikwa namba mchoro unabaki bubu, au mbaya zaidi unasema jambo jingine, basi taarifa yote ilikuwa ndani ya namba, na kilichobaki ni urembo uliokula nafasi yake. Chati ya duara iliyolazwa kiubavu kama sahani iliyo mezani hushindwa papo hapo, kwa sababu kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma hata vikiwa sawa.

Wapo watakaosema kwamba msomaji wa kawaida hawezi grafu, na kwamba bila mapambo hataigusa kabisa. Siwezi kulikubali hilo, kwa sababu kuna grafu moja ambayo mamilioni ya akina mama wa nchi hii wameishika mikononi, wengi wao wakiwa hawakupita darasa la saba, na wakaielewa vizuri. Ni ile iliyo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Asili yake ni kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyekuwa Ilesha, Nigeria, katika miaka ya 1950, ambaye aliuita mchoro wake njia ya afya. Kwa chini kuna miezi ya umri wa mtoto, kwa upande kuna kilo, na katikati kuna mistari iliyopinda inayopanda pamoja kama kingo za barabara. Mtoto anapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, muuguzi anaweka nukta, na mwezi unaofuata anaweka nyingine na kuziunganisha.

Ukiitazama kadi hiyo kwa jicho la msanifu utaona jinsi kila kitu kilivyofikiriwa. Mwezi aliozaliwa mtoto huandikwa kwenye kisanduku cha kwanza na miezi mingine ikafuata, ili muuguzi mwenye foleni ya watoto asilazimike kukokotoa umri wa kila mmoja. Nukta moja peke yake haisemi mengi, kwa sababu wapo watoto wadogo wa maumbile walio na afya njema. Kinachosema ni mwelekeo wa mstari. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo, hata kama mtoto bado anaonekana mnene machoni pa bibi yake. Ukishuka, hakuna muda wa kupoteza. Na kadi hukaa kwa mama, si kwenye kabati la zahanati, kwa hiyo anayehusika zaidi na taarifa ndiye anayeitunza.

Katika kadi iliyotumika nchini kwa miaka mingi kulikuwa na rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu, na hakuna hata moja iliyowekwa ili kadi ipendeze. Mama alitoka kliniki akisema mtoto wake yuko kwenye kijani, au ameingia kwenye kijivu, na jirani akaelewa. Mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa ulioanza mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulilipeleka jambo hilo mbele zaidi: watoto walipimwa katika siku maalumu vijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, wakiulizana kwa nini hawa wako kwenye nyekundu, kama ni ugonjwa, kama ni mama kushinda shambani siku nzima, au kama ni mtoto kulishwa mara mbili tu kwa siku. Mchoro ulizaa swali, na swali likazaa hatua. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo grafu inaweza kupewa.

Nisieleweke kwamba nachukia urembo. Matatu za Nairobi zimechorwa kwa ustadi unaostahili heshima, na hakuna anayedanganywa na picha ya mwanamuziki ubavuni mwa gari. Hata hivyo, kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, wakati Waziri akiwa John Michuki, ziliagiza mstari wa njano ubavuni na maelezo ya njia gari linakopita. Daladala za Dar es Salaam nazo zina mstari wa rangi unaotofautisha njia, na abiria aliyezoea huitambua gari yake kabla hajayasoma maandishi ya mbele. Hapo rangi imepewa kazi. Pambo na taarifa vinaweza kukaa mahali pamoja, ilimradi pambo lisikae kwenye kiti cha taarifa.

Mahali ambapo kiti hicho huporwa kila mwaka ni kwenye ratiba ya Ramadhani, ile imsakia inayogawiwa madukani na misikitini na kuchapishwa pia na magazeti. Nusu ya karatasi huwa ni kuba, mwezi mwandamo, taa na tangazo la mfadhili, na saa zenyewe zimebanwa chini kwa herufi ndogo mno, safu juu ya safu, bila hata mstari hafifu wa kuliongoza jicho kutoka tarehe hadi magharibi. Mtu anayeitazama karatasi hiyo jioni, kwenye mwanga hafifu, akiwa na swaumu yake, anataka kitu kimoja: leo tunafuturu saa ngapi. Mzee asiyeona vizuri anaweza kusoma mstari wa jana. Zaidi ya hapo, ratiba nyingi zinazosambaa nchi nzima zimekokotolewa kwa Dar es Salaam na hazisemi hivyo kwa maandishi yanayoonekana, ilhali Kigoma jua huzama takribani dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa miji hiyo imepishana karibu nyuzi 10 za longitudo na kila nyuzi moja ni dakika 4. Mfungaji wa Kigoma akiifuata ratiba hiyo atafungua kabla ya wakati. Nafasi iliyochukuliwa na kuba moja ingetosha kabisa kwa jedwali dogo la dakika za kuongeza kwa kila mji.

Kuhusu ramani nitasema kwa kifupi, ingawa makosa yake ni makubwa. Gazeti linapopaka rangi mikoa kwa idadi ya watu, au ya kura, au ya wagonjwa, jicho hupima eneo la ardhi na kudhani linapima watu. Mkoa wa Lindi una kilometa za mraba zipatazo 66,000, na Dar es Salaam haifiki 1,500. Lakini katika Sensa ya mwaka 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 na Lindi watu 1,194,028. Kwenye ramani ya kupaka rangi, Lindi inatawala kona nzima ya nchi na Dar es Salaam ni alama ndogo ufukweni. Duara lililowekwa juu ya kila mkoa, lenye eneo linalolingana na idadi ya watu wake, lingeliondoa tatizo hilo bila gharama yoyote ya ziada. Na mara nyingine hata mchoro hauhitajiki. Jedwali safi, lililopangwa kuanzia mkoa wenye wingi hadi wenye uchache badala ya kufuata alfabeti, humpa msomaji jibu haraka kuliko kitu kingine chochote.

Nimezungumza na watu waliowahi kupanga kurasa za magazeti, na maelezo yao yamenisaidia kuelewa chanzo. Mwandishi huleta habari yake jioni, namba zikiwa zimetawanyika ndani ya aya, na msanifu kurasa huambiwa aweke kitu ili ukurasa usionekane mtupu. Haambiwi msomaji anauliza nini. Hapewi namba za miaka iliyotangulia ili alinganishe, wala haelezwi kama fedha hizo ni makadirio au ni zilizotumika. Aliyeagizwa kujaza nafasi hujaza nafasi, na kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba bajeti ijayo itakaposomwa mwezi Juni, mwandishi na msanifu kurasa waketi pamoja mapema na kuandika swali moja ambalo mchoro utalijibu. Bajeti ya mwaka 2022/23, kwa mfano, ilikuwa shilingi trilioni 41.48, na Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 61,741,120. Ukigawanya unapata shilingi 670,000 hivi kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Nguzo moja ya shilingi hizo 670,000, ikigawanywa kwa haki kuonyesha ngapi zinalipa deni, ngapi mishahara, ngapi dawa na ngapi madawati, ingesomwa na mkulima wa Kilosa na mchuuzi wa Kariakoo kwa pamoja, tena kwa rangi mbili tu. Chini yake pawepo chanzo cha takwimu, mwaka wake, na maelezo kama bei zimepanda kiasi gani katikati, ili anayetaka kuhakiki aweze. Mchoro ukiwa haukupatikana kwa wakati, naomba jedwali lichapwe peke yake na nafasi iliyobaki iachwe nyeupe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Morogoro