Raba zako, na Mama huko Amani

Tanga,
Jumatatu usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo, Bagamoyo salama? Sisi wazima, ila magoti. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua utasema nimekumbuka kuandika kwa kuwa nina shida. Kweli. Kwanza raba zako: ya kulia imebanduka soli yote, imebaki imeachama kama samaki. Fundi ameishona na kuipaka gundi, lakini nisikufiche, si ile tena. Pili, Salehe akikupigia mwambie tulikwenda Muheza kununua machungwa. Ishia hapo hapo.

Na machungwa tulinunua, si uongo. Ila tulipitiliza.

Baba Rama ndiye aliyeanza, eti watoto wamefunga shule na wanachojua ni bahari tu, tuwapeleke Amani wakaone maporomoko. Mama tulimchukua akae garini apunge upepo. Tumefika upande wa Derema, tumeegesha kwenye mashamba ya chai, kijana wa kutuongoza akasema njia ni fupi, "ila imesimama kidogo". Shoga, kidogo! Ungeona nazi ikidondoka pale, isingegusa njia mpaka chini. Mama akateremka garini, akakaza kanga kiunoni, akauliza, "Mnasubiri nini?" Na presha yake ile, na yeboyebo miguuni.

Kushuka kulikuwa raha. Udongo mwekundu umelowa, unateleza kama mlenda, watoto wanashukia makalio. Kabla hata hujayaona maji baridi inakupiga usoni, na mkisemezana hamsikilizani. Kijana akatuonyesha kimaua cha zambarau kwenye mwamba, majani yana vinyweleo kama sikio la paka. Anasema Mjerumani mmoja, Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkubwa wa wilaya enzi zao, alikigundua mwaka 1892 akakipeleka kwao, na leo Ulaya wanakipanda kwenye vyungu madirishani. Mama hakuwa na habari na maua. Ila alipoambiwa kwamba vijito vya milima ile ndivyo vinavyoulisha Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani tunakopata maji ya bomba, alinyamaza. Akavua yeboyebo, akaingia mpaka magotini. "Miaka yote nalipa bili," akasema, "mwenyewe sijawahi kumwona."

Sasa kupanda. Aliyekwama ni mimi, si yeye. Hatua ishirini, moyo uko kooni. Nikashika mzizi, mguu ukateleza, soli yako ikabaki matopeni. Kumbe nimesimama juu ya msafara wa siafu. Mengine malizia mwenyewe. Mama yuko mbele na fimbo yake, anapumzika kila kona, lakini nikimnyooshea mkono anaupiga. Mahali fulani akakaa kwenye gogo, macho amefumba, midomo inacheza. Nikasema basi, nimemuua mama yangu, Salehe atanizika hai. Mama, kifua? Akafumbua jicho moja: "Nasoma Ayatul Kursiy, usinikatize."

Kesho yake tulimpima presha, ilikuwa ile ile ya siku zote. Shida imeanzia hapo. Amekuja na chupa ya maji ya kule, kaiweka juu ya kabati, haigusi mtu. Na juzi namkuta anamsimulia Bi Mwajuma, na Bi Mwajuma unamjua, Salehe atapata habari kabla barua hii haijakufikia. Anataka turudi, safari hii akae kitako kwenye maji. Salehe aliniambia wazi, Mama asipande hata ngazi. Lakini wewe hukumwona njiani wakati tunarudi, kakaa kiti cha mbele anaimba, watoto wanamwitikia. Tangu Baba... basi, unajua.

Sasa niambie. Ingekuwa ni mama yako ungemkatalia? Mdogo wako muuguzi anasemaje, mtu wa presha na milima vinapatana? Nimwambie Salehe mwenyewe, au nimwachie Bi Mwajuma amalize? Na raba, nikutumie kwa basi hivyo hivyo au nikununulie nyingine? Ni namba 39 au 40, maana ilikuwa inanibana? Na wewe unakuja lini?

Wako,
Zuhura

Mama anakusalimu. Anasema ukija uache raba, uje na yeboyebo.