Barua kwa mwanangu: kabla hujampa mtoto patasi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kwamba unataka kumfundisha mjukuu wangu useremala wa mkono. Miaka 9 inatosha. Ila usianze na kiti wala meza. Chukua mbao mbili za msonobari, inchi 2 kwa 1, urefu futi moja, zipishane katikati kama msalaba, kila moja ichimbwe nusu inchi kwenda chini pale zinapopishana, ziingiane. Hicho ndicho kiungo chake cha kwanza. Mninga utamchosha kabla hajajifunza kitu. Chagua mbao iliyokauka. Mbichi hunywea, na kiungo kilichobana leo kitalegea, mtoto adhani kosa ni lake.

Kwanza kabisa anoe. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, maana husukumwa kwa nguvu nyingi na ikiteleza haizuiliki. Mteremko wa makali uwe kati ya digrii 25 na 30. Ausugue kwenye jiwe mpaka asikie ukwaru mdogo upande wa mgongo, yaani upande bapa usio na mteremko, toka pembe hadi pembe, kisha alaze mgongo bapa kabisa juu ya jiwe auondoe. Akiuinua mgongo hata kidogo, ukingo wake utaviringika, na kuunyoosha tena ni kazi ndefu. Aijaribu kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa: kali huacha uso laini, butu huponda nyuzi. Ikiponda, arudi kwenye jiwe, hata akinuna.

Mistari achore kwa kisu na skwea, kile kipimo cha pembe mraba, na aweke alama ya X sehemu ya kutupwa. Msumeno upite upande wa X, uguse mstari bila kuula. Hapa ndipo watoto wengi hukosea: hukata juu ya mstari wenyewe, unene wa meno ukala mbao inayobaki. Asibane mpini, kidole cha shahada kielekee mbele.

Kuchimba ni kidogo kidogo, kutoka pande zote mbili kuja katikati. Akitobolea upande mmoja, nyuzi za upande wa pili zitanyofoka. Mbao ibanwe kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

Kiungo cha kwanza kitacheza. Nakuomba, mwanangu, usimpokonye patasi ukamrekebishia, wala usizibe mwanya kwa gundi na unga wa mbao. Usimwambie ni kizuri pia, anakiona. Muulize: mwanya uko upande gani? Mstari wa kisu umebaki au umeliwa? Akiona umeliwa, sababu ameipata mwenyewe, na karipio halina kazi tena. Mpe mbao nyingine. Kile kibovu akiandike tarehe, kikae rafuni, akilinganishe na cha tano.

Viungo vikianza kubana bila gundi, ndipo mwingie kwenye kigoda.

Kama huna patasi ya robo tatu inchi, niambie nikutafutie. Ya inchi moja na nusu ni nzito kwa mkono wake.

Baba yako