Trela za matangi ya maji ziwekewe breki

Kwa Mhariri,

Maji ya mfereji yakikatika Kisauni na Bamburi, twawategemea wauzaji wanaokokota matangi kwa pikapu. Sitaki wafukuzwe barabarani, maana bila wao nyumba nyingi zitakauka. Ninachotaka ni trela zao ziwe na breki.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na hapo hujahesabu vyuma, magurudumu wala pampu. Ukimuuliza dereva, atakujibu kuwa pikapu yake inavuta tani tatu na nusu. Kwa pikapu nyingi za siku hizi ni kweli, ila kilo hizo 3,500 ni za trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, gari hilo hilo kwa kawaida huruhusiwa kilo 750 tu. Nyingi ninazoziona hapa zimechomelewa kwa ekseli kuukuu, bila breki yoyote. Injini itavuta, hilo silipingi. Lakini kwenye barabara ya Malindi, tuktuk ikisimama ghafla mbele yake, tani mbili zile zitazuiwa na nini?

Tangi lililojaa nusu ndilo la kutisha zaidi. Dereva akikanyaga breki, maji yote hukimbilia mbele na kuisukuma pikapu; akikata kona, humwagikia upande mmoja. Heri kusafiri na tangi lililojaa ndani ya kiwango cha gari, au tupu kabisa.

Tena mafundi huliweka tangi nyuma mno ya ekseli. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela yafaa ikalie kiungo cha gari, pale trela inapoungwa na pikapu, la sivyo trela huyumba mwendo ukizidi. Ikianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, asipambane na usukani.

Mizani ya Mariakani hupima malori ya barabara kuu. Trela hizi huanzia na kuishia mitaani, hazifiki huko. Kwa hiyo naiomba NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, na serikali ya kaunti wazikague kabla muuzaji hajapewa leseni: breki, taa za nyuma, namba ya usajili, na minyororo miwili iliyopishanishwa chini ya kiungo, ili kikichomoka trela isiwaendee watoto wanaovuka kwenda shule. Zipo breki zinazojifunga zenyewe trela inapoisukuma gari, na fundi mzuri wa jua kali anaweza kuziweka. Wauzaji wapewe muda wa kutosha, kisha sheria ifuatwe.

Mkazi wa Bamburi,
Mombasa